Nusu ekari Mutuini, stroberi za kujichumia: nianzie wapi?

Msomaji wa Mutuini, Dagoretti, ameniandikia hivi: "Mama alituachia nusu ekari. Kwa miaka mingi mpangaji amekuwa akilima sukuma wiki na spinachi, anapuliza dawa na kutia mbolea ya dukani. Mkataba wake unakwisha, nami nataka kupanda stroberi za kilimo hai, watu waje na watoto wao wajichumie wenyewe. Mume wangu anasema tukianza tujaze shamba lote. Jirani anasema kilimo hai mjini ni ndoto, na yeye mwenyewe anapuliza dawa ng'ambo ya ua. Nianzie wapi, na nani kati yao anasema kweli?"

Dada, nianze na mumeo, maana hapo ndipo pesa zenu zitakapookoka au kuzama. Msijaze shamba lote. Stroberi ni tunda lisiloendelea kuiva likishachumwa. Parachichi utalichuma gumu na litaivia kabatini, lakini stroberi iliyochumwa mapema hata ikibadilika rangi kidogo utamu wake haupandi tena. Inaiva ikiwa mcheni, na ikishaiva ina siku mbili tatu tu kabla haijalainika na kuoza. Mgeni wako naye ni mzazi wa Lang'ata, Kilimani au Karen ambaye Jumanne yuko kazini na watoto wako shuleni. Atakuja Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo tunda linaiva siku saba na mchumaji anakuja siku mbili. Ugumu wote wa biashara hii umekaa hapo, na ndiyo maana ukubwa wa shamba hupimwa kwa idadi ya wageni wa wikendi, wala si kwa ukubwa wa ardhi mliyonayo.

Tufanye hesabu kwa robo ekari, ambayo ni karibu mita za mraba 1,000. Tuta moja lina upana wa sentimita 80, na njia ya kupita wageni ina sentimita 90, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi hawezi kupita penye upana wa jembe. Ukitoa kingo na sehemu za kugeuzia, unabaki na kama mita 500 za matuta. Kila tuta lina mistari miwili, mche kwa mche sentimita 30, kwa hiyo utapanda miche 3,000 na zaidi. Chukua makadirio ya mkulima mwangalifu, nusu kilo kwa mche kwa mwaka mzima: hiyo ni kilo 1,500, au karibu kilo 30 kwa wiki ukigawanya sawasawa. Matunda hayaji sawasawa. Kuna wiki utapata kilo kumi na kuna wiki utapata themanini. Ikiwa nusu ya matunda ya wiki ndiyo yanayoangukia wikendi na kila mtu anachuma nusu kilo, robo ekari inalisha watu 30 katika wikendi ya kawaida, na mara mbili au tatu ya hapo wakati mche umechangamka. Je, una uhakika wa kupata watu 30 kila wikendi tangu mwanzo? Sasa zidisha mara mbili kama anavyotaka mumeo, uone ni kilo ngapi zitakuwa zinakungoja Jumatano asubuhi, nawe huna la kufanya ila kuzipeleka soko la City Park na kupokea bei atakayosema mnunuzi.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wengi. Ushauri mwingi kuhusu mashamba ya kujichumia umeandikwa Uingereza na Marekani, ambako stroberi huiva kwa wiki chache za kiangazi. Mkulima wa kule analazimika kuwa na shamba kubwa, kwa kuwa mapato ya mwaka mzima yanaingia kwa mwezi mmoja au miwili. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu una takriban saa 12 Januari hadi Desemba, na Dagoretti iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna ubaridi wa kutosha. Mche wa stroberi hapa unaendelea kutoa maua karibu mwaka mzima, ukipungua kwenye baridi ya Julai na kuharibiwa na mvua za Aprili na Novemba. Shamba dogo linalozaa miezi mingi linakufaa kuliko kubwa linalokulemea. Panda nusu ya robo ekari kwanza, halafu baada ya miezi mitatu au minne panda nusu ya pili, ili matuta yasichoke kwa pamoja. Robo ekari iliyobaki ina kazi nyingi: maegesho, kivuli, tangi, mahali pa kutengenezea mboji, na miforosadi nitakayoitaja baadaye.

Nije kwa jirani. Hajakosea yote. Kilimo hai mjini kinawezekana, lakini mjini kuna maadui ambao mkulima wa Nyandarua hawajui: maji machafu, vumbi la barabara, na dawa inayopeperushwa na upepo kutoka kwa watu walio karibu mno. Na wewe, dada, una sharti ambalo mkulima wa stroberi za supamaketi hana. Tunda lake linapita mikononi mwa watu wengi na huenda likaoshwa. Lako litaliwa palepale kwenye tuta. Mtoto atalichuma na kulitia mdomoni kabla mama yake hajageuka, na ukimkataza atalia, na ukweli ni kwamba hicho ndicho walichokuja kufanya. Basi kila uamuzi shambani upime kwa mtoto huyo.

Anza na maji, kabla ya kununua mche hata mmoja. Kama unategemea mto unaopita vitongojini, achana nao kabisa, maana mito ya Nairobi inabeba maji taka na hakuna matone wala kichujio cha mkulima mdogo kitakachoyafanya yafae tunda linaloliwa bila kuoshwa. Kama ni kisima cha kuchimba, peleka sampuli maabara. Visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina floraidi nyingi, na vingine vina sodiamu na bikaboneti, maji ambayo ukifulia unaona sawa na ukimwagilia stroberi majani yanaanza kuungua kingo. Stroberi ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi hata kidogo. Hupungua mazao chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1 kwa mita, kipimo ambacho maabara hutumia kwa chumvi, kiwango ambacho nyanya wala haitishiki nacho. Dawa yake ni maji ya mvua. Paa la nyumba ya mama yako likiwekewa mifereji na tangi kubwa litakusaidia sana, hata kama ni kwa kuchanganya na ya kisima. Kisha tandaza mipira ya matone juu ya tuta. Usimwagilie kwa kunyunyiza kutoka juu. Maji yakilala juu ya maua na matunda unakaribisha ukungu.

Udongo wako, ule mwekundu wa Dagoretti, ni bahati. Unapitisha maji vizuri na kwa kawaida una asidi kiasi, na stroberi hupenda pH, yaani kipimo cha asidi, ya 5.5 hadi 6.5. Ndugu zetu wa Kitengela na Syokimau wenye udongo mweusi unaonata wangetoa pesa nyingi kuupata. Hata hivyo upime. Maabara za KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete haziko mbali nawe. Mwombe mpimaji aangalie pia madini ya risasi ikiwa shamba limepakana na barabara yenye magari mengi au mahali palipowahi kuwa gereji. Muulize mpangaji wako jambo moja zaidi: amewahi kulima viazi, nyanya, biringani au pilipili hapo miaka ya karibuni? Mazao hayo yanaacha kwenye udongo ukungu wa mnyauko unaoishambulia stroberi vilevile. Sehemu iliyokuwa na nyanya usipande stroberi kwanza. Sukuma na spinachi hazina neno.

Kuhusu dawa na mbolea za mpangaji: kuna kipindi cha mpito, na hakiruki mtu. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007, na mazao yanayokifuata hubeba alama ya Kilimohai. Panga kuwa mwaka wa kwanza na zaidi utakuwa unalima kwa masharti yote ya kilimo hai bila kuruhusiwa kuuza kwa jina hilo. Usiuone kama mwaka uliopotea. Mara mpangaji akiondoka, panda njahi shamba zima. Njahi inafunika ardhi, inaongeza naitrojeni, inazima magugu, na mavuno yake utayala au kuyauza. Ikishavunwa, mabaki yake yarudishe udongoni, kisha ndipo uanze kuinua matuta ya stroberi ya sentimita 20 hadi 30. Katika kipindi hicho waambie wageni ukweli mtupu: shamba liko safarini kuelekea kilimo hai. Watu wa Nairobi wamechoshwa na maneno ya matangazo, wakisikia ukweli wanautambua.

Cheti chenyewe una njia mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na kampuni ya ukaguzi, ambayo gharama yake humwelemea mwenye robo ekari. Ya pili, ambayo ningekushauri, ni mfumo shirikishi: wakulima wa eneo moja wanaunda kikundi, wanaweka kanuni, wanatembeleana na kukaguana mashamba, na kumbukumbu zinahifadhiwa. Mtandao wa kilimo hai nchini, KOAN, ndio unaosimamia mambo haya na utakuelekeza kwenye kikundi kilicho karibu. Kwa anayeuzia watu waliosimama mbele yake, mfumo huu unatosha. Nunua daftari leo. Kila unacholeta shambani, kuanzia samadi hadi mche, kiandikwe tarehe na kilikotoka.

Dawa ya jirani inazuiwa kwa ua. Kama mna ua wa kaiyaba wa zamani, msiukate, uacheni urefuke na muujazie mapengo. Ndani yake panda mstari wa tithonia, ile yenye maua ya manjano kama alizeti ndogo. Inapunguza upepo, na majani yake yakilowekwa kwenye pipa wiki mbili hivi yanatoa mbolea ya maji yenye naitrojeni na potasiamu. Mbolea hiyo imwagie chini kwenye udongo, isiguse matunda. Kisha acha ukanda wa mita kadhaa usio na stroberi upande huo. Hapo ndipo magari yaegeshwe. Na mwendee jirani nyumbani kwake, si uani. Mwombe akuambie siku anayopuliza na asipulize wikendi. Majirani wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, hasa wakiahidiwa kwamba wageni watakaokuja watanunua na mboga zao.

Sasa samadi, na hapa nitakawia, kwa sababu ndipo shamba la kujichumia linapoweza kumdhuru mtu. Utauziwa samadi ya boma kutoka Kajiado, lori zima, na muuzaji atakuapia kwamba imeoza. Usimwamini, hata kama ni mtu mwema. Samadi mbichi ina vijidudu vinavyoleta maradhi makali ya tumbo, na stroberi hulala chini karibu na udongo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ichanganywe na udongo si chini ya siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa ardhi. Mimi ningekuambia usitie kabisa mbichi kwenye matuta ya stroberi, kwa kuwa huku kwetu mche unazaa mfululizo na hizo siku 120 huzipati. Igeuze kuwa mboji. Panga samadi kwa tabaka na majani makavu na mabaki ya njahi, lowesha, funika, na uchome ndani kipimajoto kirefu. Lundo la wazi linatakiwa lifike digrii 55 za Selsiasi na kubaki hapo au juu ya hapo siku 15, huku ukiligeuza mara tano ili kila upande upate zamu yake ya kuiva katikati. Baada ya hapo liache lipoe na kukomaa miezi miwili. Mboji iliyokomaa inanukia udongo wa msituni baada ya mvua, wala huoni tena kilichokuwa kinyesi na kilichokuwa jani.

Juu ya tuta weka matandazo mazito. Wengine hutumia nailoni nyeusi, na viwango vya kilimo hai kwa kawaida havikatai mradi uiondoe ikichakaa, lakini kwenye shamba la wageni napendelea zaidi nyasi kavu au majani ya misonobari ambayo hupatikana kwa wingi upande wa Limuru. Tunda linalala juu ya kitu kikavu, halipakwi matope, na mtoto akipiga magoti hachafuki kiasi cha kumkasirisha mama. Tatizo la matandazo ya nyasi ni konokono wakati wa mvua. Kuwa na utaratibu wa kuwaokota alfajiri, hakuna njia ya mkato.

Miche nunua kwa mtu aliyesajiliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, si kwa anayekuuzia vichipukizi alivyong'oa shambani kwake. Mche wa stroberi hutambaa na kutoa vitoto, na kila mmoja anaweza kuwa amebeba virusi vya mama yake bila dalili. Kwa aina, Chandler imezoeleka huku na ina ladha. Pajaro nayo hulimwa. Panda aina mbili, ulinganishe kwenye udongo wako. Unapopanda, tazama moyo wa mche, pale majani machanga yanapochomoza. Ukiufukia unaoza, ukiuacha juu sana mizizi inakauka. Ukae sawasawa na uso wa udongo. Maua ya kwanza yakate, mche upate nguvu. Baada ya miaka miwili au mitatu mche unachoka; uwe umeshatayarisha mwingine.

Wadudu na magonjwa ni mengi, ila matatu ndiyo yatakayokunyima usingizi. Wakati wa jua kali la Januari na Februari, utitiri mwekundu. Geuza jani, ligongegonge juu ya karatasi nyeupe, na ukiona vumbi linatembea, umeingiliwa. Kuna utitiri mwingine unaokula huo mbaya, unafugwa na kuuzwa na makampuni ya Thika na Naivasha kwa ajili ya mashamba ya maua, na mkulima mdogo anaweza kuununua pia. Uachilie mapema, sehemu zenye dalili za kwanza. Ukingoja hadi majani yawe ya shaba umechelewa. Wakati wa mvua, ukungu wa kijivu: doa laini la kahawia kwenye tunda, kesho yake limeota manyoya ya kijivu. Hapo usafi ndio dawa. Tunda lililooza litoke shambani siku hiyohiyo, majani ya zamani yapogolewe, hewa ipite. Adui wa tatu ni mgeni. Kuna inzi mdogo wa matunda, Drosophila suzukii, ambaye watafiti walithibitisha miaka michache iliyopita kwamba ameingia Kenya. Inzi wengine wa matunda wa ukubwa wake hutafuta tunda lililokwisha kuoza; huyu jike ana msumeno mdogo wa kutobolea tunda zima linaloanza kuiva na kutaga ndani. Mteja analifungua nyumbani anakuta funza. Tundika chupa zenye matundu madogo na siki ya tufaha ndani ili ujue kama amefika, chuma mara kwa mara, na tunda lililozidi kuiva lisiachwe hata moja. Ya kutupwa usiyatie kwenye mboji mabichi; yafunge kwenye ndoo yenye mfuniko, uiweke juani siku kadhaa kwanza.

Utaona kwamba jibu la ukungu na la inzi ni lilelile: tunda lisikae. Basi ratiba yako ya wiki iwe hivi. Jumatatu asubuhi, wewe na msaidizi mnapita kila tuta na kutoa yote yaliyoiva na yaliyobaki baada ya wageni, mazuri kando, mabovu kando. Jumatano mnachuma tena. Baada ya hapo hamgusi mpaka Jumamosi, na wageni wanakuta matuta mekundu. Matunda mazuri ya Jumatatu na Jumatano yatafutie mnunuzi kabla hujapanda: mgahawa mmoja au miwili ya Karen, au watu wa keki, na yaliyo madogo yagandishe kwa ajili ya sharubati ya wikendi. Jamu ni nzuri pia, lakini ukianza kuiuza kwenye chupa yenye lebo utahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa hiyo iache mpaka mambo yatulie.

Wageni waje kwa kujiandikisha. Watumie ujumbe wa WhatsApp, wachague saa, nawe unajua ni wangapi. Siku ya kwanza usiwaruhusu kuingia matuta yote. Fungua nusu kwa Jumamosi, zungushia kamba nusu nyingine ya Jumapili, la sivyo wa Jumapili watakuta majani. Mlangoni weka bomba na sabuni, kila mtu anawe mikono, na choo safi kiwe karibu na mlango huo. Kisha waonyeshe namna ya kuchuma, usiwaambie tu. Inua jani kwa mkono mmoja. Tafuta tunda lililo jekundu pande zote hadi kwenye kikonyo. Usilishike tunda lenyewe. Shika kikonyo kwa kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada, kidogo juu ya kofia yake ya kijani, ubane na kukata. Anayevuta tunda anang'oa shada zima lenye mabichi manne. Watoto hujifunza hili haraka kuliko wazazi wao, na ukimpa mtoto kazi ya kumkagua baba yake, umepata mlinzi wa shamba.

Bei iwe sehemu mbili. Toza kiingilio kidogo kwa kila mtu, kisha kikatwe kwenye bei ya matunda atakayopima. Anayekuja kupiga picha na kula akiwa amesimama amekulipa, na anayenunua kilo mbili haoni ameonewa. Mizani lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na idara ya vipimo, na uitundike mahali mteja anapoiona. Malipo kwa namba ya Till. Vikapu vya kuchumia viwe vyako, vifupi, kwa sababu stroberi zikipangwa zaidi ya matabaka matatu za chini zinapondeka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, basi wahimize waje na vyombo vyao vya nyumbani.

Mambo ya sheria nitayapitia upesi. Kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya kwa yeyote anayeshika chakula, na bima ya dhima kwa umma. Bima usiiahirishe. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali atarajie kwamba mtoto hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima. Shimo la maji bila mfuniko au jembe lililoachwa njiani ni jukumu lako. Mizinga ya nyuki kwenye eneo dogo namna hii lenye watoto siiungi mkono, hata kama nyuki wanaboresha umbo la tunda. Nyuki wa jirani na wa porini watakuja wenyewe ukiwa hupulizi dawa. Na wakati wa mvua waonye wageni kuhusu nzi wa Nairobi, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi. Haumi, lakini akipondwa juu ya ngozi maji yake yanaunguza. Apulizwe kwa mdomo, asipigwe kofi.

Juu ya matunda mengine, watu watakushawishi upande bluuberi kwa sababu ya bei yake. Inataka udongo wenye asidi kali, pH 4.5 hadi 5.5, na ukiimwagilia maji ya kisima yenye bikaboneti unairudisha nyuma kila siku. Jaribu michache kwenye vyungu kama una maji ya mvua. Rasiberi inakubali hali ya hewa yetu, ila inahitaji nguzo, waya na subira, na inzi niliyemtaja anaipenda kuliko matunda yote. Ninachokusihi upande ni miforosadi, hiyo ambayo watoto wa mjini wanaiita malberi. Kijiti chake kikichomekwa wakati wa mvua kinashika, hakitaki dawa, na tunda lake likiiva ni laini mno kusafirishwa, ndiyo sababu hulioni sokoni. Kasoro hiyo ya sokoni kwako ni mali: atakayetaka kulila lazima aje alipo mti. Pogoa miti ibaki na urefu wa kufikiwa na mtoto, na uwaambie wazazi nguo nyeupe zibaki nyumbani.

Neti ya ndege iandae kabla tunda la kwanza halijageuka rangi. Wale ndege wa mkia mrefu wenye kishungi huja kwa kundi, na wakishajua njia hawaisahau. Iinue juu ya fito, wageni wapite chini yake wamesimama, na uikaze kingo, ndege wasinaswe.

Kwa sasa, dada, mwache mpangaji avune sukuma zake za mwisho kwa makubaliano kwamba hapulizi tena, na uandike tarehe hiyo daftarini, kwa maana itaulizwa siku ya ukaguzi. Peleka udongo na maji maabara wiki hiyohiyo. Majibu yakija, niandikie pH ya udongo na kiwango cha chumvi na bikaboneti kwenye maji. Kama maji yako yana chumvi nyingi, tutapanga ukubwa wa tangi kwanza, na hesabu ya miche itategemea lita litakazoweza kubeba kutoka mvua moja hadi nyingine.